Nimeirudia Sindbad ya utotoni, kumbe ami yangu alikuwa akitupiga chai miaka yote hiyo

mwana_kuze:

Asalam alaykum wadau. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi usiku na mama watoto hataki kulisikia tena, asema mtu mzima na ndevu zake vipi analala akiwaza katuni. Si katuni, lakini kwake yeye chochote chenye jini ndani ni katuni basi.

Munaikumbuka The 7th Voyage of Sinbad? Ile ya zamani, ya 1958, yenye lile jitu la jicho moja na miguu ya mbuzi, na ndege wa vichwa viwili, na ile mifupa ya mtu inayoshika upanga na kupigana kwenye ngazi. Sisi tukiiita Simbadi wa Mifupa kwa sababu ami alikuwa na kanda mbili, hii na ile ya 1973 yenye sanamu la mikono sita, sasa ukisema Simbadi tu watu wanagombana ni ipi.

Nazungumzia kama 1989 au 1990 hivi, nyumbani kwetu Kuze, chumba cha chini cha ami, ndiye peke yake aliyekuwa na deki ya kuchezea kanda za vidio mtaa ule. Watoto kumi na mbili kumi na tatu juu ya jamvi, wa kwetu na wa jirani na wengine mpaka leo sijui walikuwa wa nani, madirisha yamefungwa ili mwangaza usiharibu picha, joto la kufa mtu, mikono yote myekundu kwa mabuyu, na ami amekaa pembeni ya TV, kofia ameiweka gotini, anatueleza. Kizungu nani alikuwa akikijua, sisi wa darasa la kwanza la pili. Kwa hivyo ami ndiye aliyekuwa mdomo wa kila mtu mule ndani. Sindbad akisema, ami asema. Mchawi akisema, ami atia sauti ya kukwaruza. Binti mfalme akisema, ami asemea puani, sisi hoi kwa kicheko. Hii ni kabla ya kina DJ Afro wanaotafsiri sinema kwa Kiswahili, ami hakulipwa hata senti.

Sasa mwanangu ametimiza miaka minane nikasema huu ndio wakati. Nikaitafuta kwenye intaneti, nikaipata, nikasema ngoja niitazame mwenyewe kwanza nione kama kuna la kuficha. Nimekaa na laptopu jikoni watu washalala. Na wallahi sikuijua. Picha ni zilezile, jitu ni lilelile, lakini maneno siyo kabisa!

Kwa ami, yule mchawi Sokurah alikuwa mganga aliyefukuzwa Pemba kwa kula pesa za watu. Kwa ami, binti mfalme aligeuzwa akawa mdogo kama kidole kwa sababu alitoka uani wakati wa magharibi nywele wazi na mamake alimkataza. Kumbe ni mchawi alimfanyia makusudi ili Sindbad alazimike kurudi kile kisiwa, kwa sababu dawa yake yatakiwa kipande cha ganda la yai la yule ndege, na ndege yuko kule. Lile jitu linapomchoma baharia kwenye mti kama mshikaki, ami alikuwa akimfanya baharia aseme "nigeuze bwana, upande huu ushaiva". Hayamo. Nimerudisha nyuma mara tatu kuhakikisha.

Lakini iliyoniuma ni ya yule mtoto jini. Kwa ami alikuwa mtoto wa Lamu, aliibiwa akivua na babake, akatiwa ndani ya taa, na kila akitoka humo kabla hajafanya kazi yoyote auliza "mamangu leo amepika nini?" Mimi nlikuwa nikilia pale kila mara, na kanda tuliitazama kama mara arubaini. Nyanya alikuwa na kandili, nliisugua na kuisomea maneno ya ami ya kumwita, "wa ndani ya taa, toka, usikae, nje kuna mahamri", mpaka kioo kikavunjika na nikachapwa. Kumbe kwenye sinema yenyewe ni kijana tu wa Kimarekani, msafi, nywele zimechanwa, ataka awe huru awe mtoto kama watoto wengine. Hasemi kitu kuhusu mamake.

Sasa swali langu ni hili. Nimuoneshe mtoto hii ilivyo? Maana bila ya ami naona ni watu waliopakwa rangi usoni wakiongea Kizungu cha Marekani ati wako Baghdad, na jitu linatembea kwa kushtukashtuka. Au niiache huko ilikokuwa? Nyinyi mulioirudia sinema yoyote ya utotoni ilikuwaje?

BintiMajengo:

Hahaha pole ndugu yangu. Kwetu ami alikuwa ni dada wa jirani, Mungu amlaze pema, na yeye alikuwa haongezi chumvi, alikuwa akiruka. Ikifika mahali hajafahamu asema "hapa wanazungumza mambo ya wakubwa" na sisi tunangoja. Nimekuja kuwa mkubwa nikagundua mambo ya wakubwa yenyewe ilikuwa wanaulizana njia ya kwenda bandarini.

Hiyo Sindbad nimeirudia mwaka jana nikiwa na homa kitandani. Na mimi nliona kitu ambacho sikukiona nikiwa mdogo. Siku zote kichwani mwangu Sindbad ndiye aliyewatoa wale mabaharia kwenye kizimba cha jitu. Siye! Ni yule binti, Parisa, akiwa vilevile kadogo kama kidole, anapanda juu ya kizimba na kulisukuma komeo kwa mwili wake wote. Na ndiye anayeingia ndani ya taa akaenda kuzungumza na yule jini na akatoka na maneno ya kumwita. Yani ukimtoa yeye wote wameliwa. Na mimi nilikuwa nikimkumbuka kwa kitu kimoja tu, kile kibweta alichokuwa akilalia, nlikitamani mpaka nikatia pamba kwenye kibweta cha uzi cha mama nikamlaza mwanasesere.

Mtoto muoneshe. Ila ile ya mifupa usimuoneshe usiku. Mimi mpaka darasa la tano sikupanda ngazi za kwetu taa ikiwa imezima, nasikia kok kok kok nyuma yangu.

fundi_picha_msa:

Hiyo kok kok ni marimba ya mbao na vile vibao wanavyogongesha wacheza ngoma wa Uhispania. Mtunzi wa muziki ni Bernard Herrmann, yule yule aliyekuja kufanya muziki wa ile sinema ya kutisha, Psycho, miaka miwili baadaye, zile fidla zinazopiga kelele bafuni. Alitaka usikie mifupa inagongana na umesikia, mpaka darasa la tano.

Mwana_kuze mimi nna neno na wewe hapo uliposema jitu linashtukashtuka. Ndugu yangu, kaa chini. Mimi kazi yangu ni vidio za harusi, nashinda na kompyuta usiku na mchana. Lile jitu halikuwa mtu aliyevaa nguo. Ni kidoli, ndani kina mifupa ya chuma yenye viungo, nje ni mpira. Ray Harryhausen, fundi wa vidoli vya sinema hiyo, anakisogeza mkono kidogo, anapiga picha moja. Anasogeza kidogo tena, picha moja. Sekunde moja ya sinema ni picha ishirini na nne. Sasa wewe hesabu mkono, mguu, kichwa, vidole, kila kimoja akikumbuke kilikuwa kinaelekea wapi, na akikosea hakuna kurudi nyuma, aanze upya. Na kazi hiyo alikuwa akiifanya peke yake, hana kikosi cha watu mia kama hawa wa sasa.

Na ile mifupa ni ngumu zaidi, kwa sababu Sindbad kule Uhispania alipigana na hewa. Hakuna kitu mbele yake! Amefundishwa hatua, anarusha upanga, anasimamisha mkono hewani kana kwamba umezuiliwa. Halafu Harryhausen akaja kuiingiza mifupa ndani ya ile picha, upanga ukutane na upanga pale pale. Uingereza ilipofika wakaikata, wakaona itawatisha watoto. Kisha 1963 kwenye Jason and the Argonauts akaona mfupa mmoja hautoshi, akatia saba kwa pamoja, ile vita peke yake ikamchukua miezi minne na nusu.

Mimi nilijaribu. Nilichukua mwanasesere wa mwanangu, simu kwenye stendi, nikasema nifanye sekunde kumi atembee juu ya meza. Siku ya pili paka akapita, akagonga meza, nikaacha.

Kule kushtuka kwake mimi ndiko kunakonifurahisha. Hawa majoka ya kompyuta wanateleza kama sabuni, hawana uzito. Lile jitu ukiliangalia unajua kuna mkono wa mtu umeligusa.

chake_chake_boy:

Mimi Mpemba niko hapa Kongowea na nimesoma hii kitu mpaka mwisho. Nataka kujua huyo ami anaishi wapi kwa ajili ya fidia. Pesa za watu hatukula.

mzee_wa_tezi:

Wanangu, mimi sinema hiyo niliiona kwenye sinema, si kwenye kanda. Enzi zetu ukisema kanda watu wanajua ni kanda la tende. Nilikuwa kijana, marehemu babangu alikuwa na kazi pale Bandari ya Kale, na tulikwenda kundi zima la watoto wa bandarini kwa sababu tulisikia kuna picha ya baharia.

Basi taa zikazimwa, ikatokea merikebu, na nyuma yangu mzee mmoja serahangi, mkubwa wa mabaharia, akasema kwa sauti, "Hiyo nini?" Ukumbi mzima ukacheka. Tanga za mraba! Foromali, ile miti ya kushikia tanga, zimekaa msalaba! Omo, mbele ya chombo, limeinuka kama nyumba ya ghorofa! Sindbad wa Baghdad, anayesafiri kutoka Basra, hana jahazi? Nimekuja kusoma baadaye sana kwamba walipiga picha Barcelona, kwenye nakala ya merikebu ya Columbus iliyokuwa pale bandarini. Kwa hivyo walimpandisha Sindbad kwenye chombo cha jamaa zao Vasco da Gama, na sisi watu wa Mombasa twamjua vizuri huyo, tangu 1498.

Naomba muelewe kwa nini serahangi yule alikasirika. Sindbad kwetu hakuwa ngano. Miaka ile kaskazi ikivuma majahazi yakiingia kutoka Arabuni na Basra hiyo hiyo, yakishusha tende, chumvi, papa mkavu, mazulia, na mabaharia wake wakilala juu ya sitaha wakingoja kusi iwarudishe, wakiondoka na boriti za mikoko. Tulikuwa tukiwauliza, mumeona nini baharini? Na wao wakitudanganya kwa raha zao. Mmoja alinionesha kovu la mguuni akaniambia ni la ndege Rukh. Nimeamini mpaka nikaoa.

Na huyo ndege msimcheke. Vichwa viwili ni vya watu wa sinema, kwenye Alfu Lela Ulela ana kimoja na kinamtosha. Lakini Bukini, ambako nyinyi mwaita Madagascar, kulikuwa kweli na ndege mkubwa asiyeruka, ametoweka, mayai yake hupatikana mpaka leo mchangani, yai moja laingia maji zaidi ya lita nane. Marco Polo naye alisema Rukh yuko upande huo. Mtu akikuta yai kama lile ufukweni na hajamuona mama, wewe wataka afikirie nini?

Mwana_kuze, ami yako hakudanganya zaidi ya yule mwenye kovu. Kumtia mtoto wa Lamu ndani ya taa ni kuirudisha hadithi pwani.

mwana_kuze:

Shikamoo mzee. Hapo kwa "nimeamini mpaka nikaoa" nimecheka mpaka nimeulizwa kazini kuna nini.

njoo_likoni:

Mimi nitaharibu starehe kidogo munisamehe. Sinema yangu mimi siitaji jina, ilikuwa ya farasi anayeruka, niliipenda kuliko chakula. Nikamkalisha mwanangu wa miaka tisa, nimenunua bhajia, nimezima taa, nimefanya kila kitu kama ilivyokuwa. Dakika kumi. Dakika kumi tu akaniambia baba mbona yule farasi naona kamba, kisha akaomba simu acheze gemu. Nilikasirika kwa kweli, nikamwambia wewe huna adabu, mamake akatutenganisha. Baadaye nikakaa nikafikiri, kosa lake ni lipi? Mimi sikumpa sinema, nilikuwa nataka anirudishie jamvi na watoto kumi na deki ya jirani, yeye atatoa wapi vitu hivyo. Na hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachoka dakika ya saba ila sikusema.

Kwa hivyo ushauri wangu, itazame peke yako, ulie kidogo, ufute historia kwenye laptopu uende kulala.

BintiMajengo:

@njoo_likoni kamba aliiona kwa sababu hakuna aliyekuwa akimpa kitu kingine cha kuangalia. Ami wa mwenzetu angesema "hiyo kamba ni ya mamake farasi, asipotee".

mwana_kuze:

Haya wadau, nimerudi na habari. Jana baada ya Ijumaa nilimpitia ami kwake Kisauni. Sasa ni mzee, macho yamepungua, lakini mdomo uko palepale. Nikamkuta barazani na kahawa tungu yake. Nikaanza kwa adabu, ami wakumbuka Simbadi wa Mifupa, akasema nimsahau vipi yule mlaanifu Mpemba (chake_chake_boy samahani). Nikamwambia ami, nimeitazama juzi, na Kizungu sasa najua, na yale maneno uliyokuwa ukituambia hayamo.

Akaninyamazia. Akanywa kahawa. Akasema, "Kizungu sikijui mimi mpaka leo. Sasa mulitaka ninyamaze, watoto kumi na tatu, chumba cha moto kile, saa moja na nusu?"

Nikamwambia na ya yule mtoto jini je. Akauliza kwani aitwa nani mule ndani. Nikasema Barani. Akalizungusha lile jina mdomoni, Barani, Barani, kama mtu anayeonja samli. Akasema, "Na hamuulizi mamake?" Nikasema hamuulizi ami. "Hata mwisho? Akishatolewa?" Nikamweleza mwisho wanaitupa taa kwenye moto wa mlima, anakuwa huru, na Sindbad anamchukua kuwa baharia wake kwenye merikebu. Akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa. "Mtoto ametolewa kifungoni, wanampa kazi. Hakulia?" Hakulia ami. "Basi walikosea."

Na ndiyo hiyo wadau. Nikamwambia ami, na mwanangu mdogo, wataka umuoneshe? Nikitaraji atasema macho hayaoni. Akaniambia macho ya nini, si ataangalia yeye. Lakini amekataa laptopu kabisa, asema kile kioo ni cha ofisi na watoto hawawezi kukizunguka. Akamwita mjukuu wake, akatolewa sanduku uvunguni, na ndani kanda ileile, jina limeandikwa kwa kalamu ya buluu, SIMBADI, usirikodi juu yake. Nlishika nikashindwa kusema.

Tatizo ni mbili. Deki yake ilikufa zamani. Na kanda nikiitazama kwenye kidirisha chake naona vitu vyeupe vyeupe ukingoni kama unga. Nani ana deki inayofanya kazi Mombasa hii? Nitakodi, nitanunua, nitaweka rehani pikipiki.

fundi_picha_msa:

SIMAMA HAPO HAPO. Huo weupe ni ukungu. Usiitie kwenye deki yoyote, narudia yoyote, utachafua hedi, kile kinachosoma ukanda ndani ya deki, na kila kanda utakayotia baadaye itashika ukungu huo, na ukanda wenyewe unaweza kukatika. Usiifungue pia na bisibisi za jikoni maana najua watu wa Mji wa Kale. Iweke mahali pakavu, isimame wima kama kitabu, usiianike juani. Deki ninayo, mbili, moja ya kusafishia, huwa nahamishia watu harusi zao za zamani. Nilete kanda Jumatatu niusafishe ukanda taratibu, itanichukua siku kadhaa.

Malipo sitaki pesa. Nataka nafasi kwenye jamvi.

chake_chake_boy:

Na mimi. Nije nimsikilize huyo mzee mbele ya mashahidi.

mwana_kuze:

Karibuni wote, nitatangaza siku. Nimempigia ami kumwambia wageni wanaongezeka, ameuliza tu kama miongoni mwao kuna Mpemba. Nimemwambia yuko mmoja. Amesema vizuri, basi itabidi mganga atoke Tanga.